Msimu wa pili wa Prison Break, ramani ilipoingia mikononi mwa adui

Nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Ujiji, na kila nikifika kwenye mada ya muundo kidato cha tatu, kitabu nakiweka pembeni kipindi kizima tunaongea habari za Prison Break, tamthilia ya runinga ya Marekani kuhusu watu wanaotoroka gerezani. Wanafunzi wanajua. Waliopita wanawaambia wadogo zao, na siku hiyo hata watoro wanakuja. Muundo wa msago (kusimulia moja kwa moja), muundo wa kioo (kurudi nyuma), muundo wa rukia (kuruka kutoka tukio moja hadi jingine): mwanafunzi anaweza kuyakariri hayo, akayaandika kwenye mtihani na kupata alama zake, na bado asijue ni kitu gani kinamfanya mwandishi aache kusimulia moja kwa moja. Tamthilia hii inamwonyesha, kwa sababu ilibadili mbinu karibu kila msimu, na mtazamaji anaona wazi ilipopata faida na ilipopata hasara.

Nitaieleza mpaka mwisho wake. Ambaye hajaitazama na anataka kuitazama, aamue mwenyewe kama aendelee kusoma.

Mimi niliitazama Kibirizi, kwenye banda la video la mjomba. Kule Marekani ilianza kurushwa na kituo cha Fox Agosti 2005. Sisi ilitufikia baadaye, kwenye zile DVD za mkusanyiko, diski moja imebeba sehemu kibao na maandishi ya chini yamekosewa ovyo. Wateja wakubwa wa mjomba walikuwa wavuvi wa dagaa. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika anajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti tena samaki, na wavuvi wanakaa nchi kavu. Siku hizo banda lilijaa hadi watu wakachungulia dirishani. Giza likirudi wanakwenda zao ziwani, hadithi imekatikia katikati, na wakirejea swali la kwanza ni lile lile: "Mjomba, tuliishia wapi?" Kila mtu alimwita mjomba. Basi anazima deki, anasimama mbele ya runinga na kuwasimulia yaliyowapita.

Kwa hiyo mimi hadithi hii niliipata mara mbili, kwenye kioo na mdomoni mwa mjomba. Msimu wa kwanza aliusimulia bila kukwama. Wa pili ulimtoa jasho. Wa nne aliushindwa kabisa, akawa anasema tu, "Bado wanatafuta kadi." Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni nasoma fasihi, ndipo nilipoanza kujiuliza kwa nini.

Tuanze na Fox River, gereza la msimu wa kwanza. Michael Scofield ni mhandisi wa majengo. Kaka yake, Lincoln Burrows, amehukumiwa kifo kwa mauaji ya ndugu wa makamu wa rais, mauaji ambayo hakuyafanya. Michael anavamia benki makusudi ili apelekwe gereza lile lile, huku ramani ya gereza ameshachorwa mwilini, imefichwa ndani ya tatuu za malaika na mashetani. Kimuundo ni msago mtupu: siku ya kwanza, ya pili, tarehe ya kunyongwa inasogea. Lakini ni msago wenye hila, maana stelingi anajua kila kitu na sisi hatujui chochote. Mpango wote uko mbele ya macho yetu, kwenye ngozi ya mtu, na hatuwezi kuusoma.

Kuna ile skrubu. Mkononi mwake yameandikwa maneno yanayoonekana kama jina la mtu, Allen Schweitzer, na tarakimu 11121147. Hakuna anayekuambia ni nini. Sehemu ya pili unamwona ameketi kwenye mabenchi ya uwanjani, vidole vinahangaika chini ya ubao kuitoa skrubu moja. Unadhani anatafuta silaha. Wafungwa wengine nao wanadhani hivyo, tena anakaribia kuuawa kwa ajili yake, kwa sababu benchi lile lina wenyewe. Kumbe anaitaka aisugue hadi ncha yake iwe na pembe sita, ifungue nati zinazoshikilia sinki la choo ukutani, na nyuma ya ukuta ule ndiko njia ilipo. Jina la mtu lilikuwa jina la kifaa.

Mbinu hiyo waliitumia tena na tena msimu mzima, na kila mara swali la mtazamaji lilikuwa moja: hii ni ya nini? Picha nyingi za kutoroka gerezani zinakufanya uulize kama jamaa ataponea. Hii ilikufanya uangalie vitu. Dawa ya meno ina kazi gani? Kwa nini mtu asiye na kisukari ajifanye anacho? Wavuvi wa Kibirizi, watu wanaojua kusoma maji na upepo, walikuwa wepesi kuliko sisi watoto wa shule. Nakumbuka mzee mmoja aliyeijua kazi ya skrubu ile kabla haijaonyeshwa, kwa kuwa amefunga na kufungua mashine za boti maisha yake yote. Na mjomba aliusimulia vizuri msimu huo kwa sababu ulikuwa na mahali pamoja, mtu mmoja na mpango mmoja. Akianzia popote, njia inamrudisha kwenye ule ukuta.

Halafu waandishi wakafanya jambo ambalo mpaka leo nalihesabu kuwa la ujasiri. Michael anaungua mgongoni na kipande cha ramani kinapotea na ngozi. Mtu aliyejiandaa kwa kila kitu sasa anategemea kumbukumbu ya mfungwa mgonjwa wa akili, Haywire, aliyewahi kuuona mchoro ule akaushika kichwani. Na hapo hapo, katika sehemu ya 16, hadithi inageuka kuwa kioo: inaturudisha nyuma, kabla ya gereza, tuone Michael alivyouandaa mpango wake na akina Sucre, mfungwa wa chumba kimoja naye, na wenzake walivyofika pale walipofika.

Bandani watu walilalamika. Walitaka kujua mgongo utakuwaje, wao wanaletewa habari za zamani. Mimi nadhani palikuwa ndipo mahali pake hasa. Kwa sehemu 15 tulitazama watu wakichimba bila kuwauliza wametoka wapi, maana njia ya mbele ilikuwa wazi na macho yetu yalikuwa huko. Ilipozibika ndipo tulipopata nafasi ya kutazama nyuma. Wanafunzi wangu wakiandika hadithi huweka kisengere nyuma ukurasa wa kwanza, mhusika anaamka, anakumbuka utoto wake, anakumbuka bibi yake, na hakuna lililokwisha kutokea la kumfanya akumbuke. Nawaambia: kwanza ziba njia.

Sasa msimu wa pili, ambao nikiambiwa nichague mmoja nihame nao, nitahama nao huo.

Wametoka. Watu wanane wametawanyika, kila mmoja na lake: mmoja anamtafuta mchumba, mwingine familia yake, wengine fedha zilizofukiwa. Gereza lililowaunganisha halipo tena, na msago hauwezi kuwabeba wote. Hadithi ikawa rukia: dakika tano kwa huyu, dakika tano kwa yule, na ukirudi kwa wa kwanza hali imeshabadilika. Hapa ndipo mjomba alipotoka jasho. Akianza na Sucre, mvuvi mmoja anauliza, "Na T-Bag je?" Akienda kwa T-Bag, mwingine wa wale wanane, mvuvi mwingine anadai habari za Lincoln. Alijaribu kusimulia mmoja mmoja mpaka mwisho, ikagoma, kwa sababu uzuri wenyewe ulikuwa kwenye mkato: unamwacha mtu mlangoni, unaenda kwa mwingine huku moyo umebaki mlangoni.

Rukia peke yake si ajabu, tamthilia nyingi zinarukia. Kilichonishinda kukisahau ni walichoifanyia tatuu. Ungedhani kazi yake imekwisha, ramani ya gereza haina faida kwa mtu aliyekwisha kutoka. Wangeweza kuisahau, au kumpa Michael kitu kipya. Badala yake wakaleta mpelelezi wa FBI, Alexander Mahone, wakampa picha za ule mwili.

Itazame taratibu sehemu ya kwanza ya msimu huo. Mahone ana picha za tatuu za Michael, na miongoni mwake kuna maneno yanayosomeka "Ripe Chance Woods". Sisi tuliyaona maneno hayo tukayapita. Mahone anayakodolea macho. Halafu anayakata upya: R.I.P., zile herufi tatu ambazo Wazungu huandika makaburini, kisha E. Chance Woods. Ni kaburi la mtu. Michael alishafukia vitu vyao pale kabla hata ya kufungwa, na wakati huo huo yeye na wenzake wako makaburini wanachimba. Hakuna bunduki iliyolia wala gari lililogongwa. Mtu kasoma tu, na mimi nilishika benchi la banda kwa mikono miwili.

Mchoro ule ule, tamthilia ile ile, ila aliyeushika amebadilika. Msimu wa kwanza ulikuwa siri kati ya Michael na ngozi yake, na sisi tulitamani kuisoma. Msimu wa pili siri inasomwa na mtu asiyemtakia mema, tena anasoma kwa kasi kuliko sisi, na ghafla tunatamani isisomeke. Taharuki haiulizi tena hii ni ya nini, inauliza nani atafika kwanza. Kila akili aliyoitumia Michael kujiandaa imegeuka mtego wake mwenyewe, kwa sababu aliandika, na kilichoandikwa kinasomeka.

Nilipokuwa naeleza haya darasani, kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, alinyosha mkono: "Madam, lakini Mahone ni sisi." Nikamwomba aendelee. Akasema msimu wa kwanza sisi ndio tuliokuwa tunaukodolea macho ule mwili tukitaka kuufumbua, na huyu Mahone anafanya kazi hiyo hiyo, ila yeye ana bastola. Sijawahi kusoma mahali popote maelezo yanayomzidi kijana huyo. Waandishi walimchukua mtazamaji wakamfanya adui, na ndiyo maana hatuwezi kumchukia Mahone hata anapoua. Tunaitambua ile njaa yake ya kujua.

Na wakampa siri yake. Nyumbani kwake, chini ya lile bakuli la maji ya ndege bustanini, amefukia maiti ya mtu, Oscar Shales, mhalifu aliyemsaka zamani. Anatembea na vidonge ndani ya kalamu. Kwa hiyo kuna watu wawili wanaosomana: mmoja amebeba siri juu ya ngozi, mwingine chini ya udongo. Michael naye anapoanza kumsoma Mahone, mizani inakaa sawa. Sijui tamthilia nyingine iliyobadili mbinu kiasi hicho bila kuongeza kifaa hata kimoja kipya.

Labda moja. Lost, iliyorushwa na ABC kuanzia 2004 hadi 2010, ilijengwa juu ya kisengere nyuma: abiria wa ndege wameanguka kisiwani, na kila sehemu inamchukua mmoja wao kumrudisha kwenye maisha yake ya kabla. Misimu mitatu tulizoea hivyo. Mwishoni mwa msimu wa tatu, Mei 2007, tunamwona Jack ana ndevu, mlevi, amevunjika moyo, yuko Los Angeles. Tukachukulia ni zamani, kama kawaida. Katika dakika za mwisho mwanamke anashuka kwenye gari kuja kuzungumza naye, na mwanamke huyo ni Kate, ambaye Jack alimfahamia kisiwani. Basi haikuwa zamani. Walishatoka, na tulichokuwa tunakitazama ni kisengere mbele. Walitumia mazoea yetu wenyewe kutupotosha. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba tamthilia itafikia tamati 2010, na mimi naamini mambo hayo mawili yanakwenda pamoja: anayejua safari yake inaishia wapi anaweza kukuonyesha kipande cha mbele. Asiyejua atakuonyesha nini?

Ndipo ninapoona tatizo la msimu wa tatu wa Prison Break. Michael yuko Sona, gereza la Panama ambalo askari wako nje tu na ndani wafungwa wanajitawala. Mazingira mazuri mno, jua linachoma, na yeye kavaa mikono mirefu. Tatuu imefunikwa. Mantiki yake naikubali: hakupanga kuja hapa, hana ramani, aishi kwa akili ya papo kwa papo. Ila waandishi waliondoa swali la "hii ni ya nini" na la "nani atafika kwanza", na badala yake wakaweka saa: mtoe mtu fulani humu ndani kabla ya muda huu, la sivyo tunawaua uwapendao. Taharuki ya saa huchoka haraka, kwa kuwa mtazamaji anajua saa itasogezwa, na ikasogezwa. Juu ya hayo mgomo wa waandishi wa Marekani ulioanza Novemba 2007 uliukuta msimu katikati, ukaishia sehemu 13. Siwezi kuwalaumu kwa lililowakuta, ila pengo linaonekana.

Kinachoniuma zaidi ni kichwa cha Sara. Msimu wa tatu Lincoln anafungua boksi, anaona kichwa, anaambiwa ni cha Daktari Sara, mwanamke anayependwa na Michael. Banda zima lilinyamaza. Kuna watu mle ndani walioletewa habari za ndugu zao kutoka ziwani bila kuletewa mwili. Msimu wa nne Sara huyu hapa, mzima, tunaambiwa kichwa kilikuwa cha mwingine. Mzee yule wa mashine za boti alisimama, akafunga kikoi chake vizuri, akaondoka, na hakuja tena kutazama tamthilia ile. Namwelewa. Mwandishi anaruhusiwa kunificha kitu. Kunililisha kwa kifo kisha kukifuta ni jambo jingine, maana vifo vyote vinavyofuata havitaniuma. Na wakaendelea: mama yake Michael, tuliyeambiwa alishakufa, yu hai, Kellerman, wakala wa serikali aliyewawinda na tuliyedhani amekufa, yu hai. Stelingi mwenyewe wakamzika 2009, na 2017 wakamrudisha.

Msimu wa nne sina mengi ya kuusemea. Mwanzoni kabisa Michael anafutwa tatuu zote, na baada ya hapo kuna kitu kinaitwa Scylla, kinafunguliwa kwa kadi, na kadi zinatafutwa moja moja. Kila sehemu ina kadi yake au hila yake. Kuna matukio mengi kuliko misimu yote, na hakuna hata moja ninaloweza kumsimulia mtu likasimama lenyewe. Mjomba hakuwa mvivu aliposema "bado wanatafuta kadi". Hadithi yenyewe ilikuwa imefika hapo.

Wa tano niliutazama kwenye simu, peke yangu, sehemu tisa tu. Banda lilishafungwa, siku hizi vijana wa Kibirizi wanajazwa muvi kwenye flashi na kutazama kila mtu kivyake, wala hakuna anayeuliza tuliishia wapi. Michael yuko gerezani Yemen kwa jina jingine, na mwilini ana tatuu mpya: macho yamechorwa viganjani, na mistari mikononi isiyoeleweka. Nilipoyaona macho yale nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu lile swali la zamani lilikuwa limerudi. Hii ni ya nini? Walininyima jibu hadi karibu na mwisho, mikono miwili inapowekwa pamoja na michoro yake kuungana ikawa sura ya mtu, sura inayoweza kuidanganya mashine ya kutambua nyuso. Msimu una mashimo mengi. Lakini kwa lile jambo moja waliikumbuka kazi yao.

Baada ya kipindi huwa natoa zoezi: simulia msimu wa pili kwa ukurasa mmoja kwa mtu ambaye hakuuona. Wengi huanza na wanane wanaokimbia msituni, na mstari wa sita wameshapotea kama alivyopotea mjomba. Mwaka huu binti mmoja kutoka Bangwe alianza na mwanamume anayeangalia ndege wakinywa maji bustanini kwake, asiyetaka mtu yeyote alisogeze lile bakuli. Jina la Michael lilikuja baadaye sana, na likaja kama jina la mtu anayesomwa. Nilimpa alama kuliko wote, kisha nikamwomba asimame mbele asome kwa sauti.